Mawe Yaliyolazwa: Makaburi ya Wafugaji wa Kwanza na Njia Iliyopita Kwetu

Dodoma inajengwa kwa mawe. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia huku kwa dhati, na zaidi tangu Aprili 2018 mji ulipopandishwa hadhi kuwa jiji, malori hayapumziki. Tripu za mawe ya msingi zinakwenda Mtumba, za kokoto zinakwenda Nala, za moramu zinakwenda kila penye barabara mpya. Jiwe ambalo jana lilikuwa kero ya mkulima leo lina bei, na vijana wenye nyundo na sururu wanalifuata hadi vichakani ambako zamani walipita mbuzi na wachungaji wao tu.

Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu hunitanguliza mbele ya tingatinga: napita mashambani na porini kabla ya mji kufika, naweka bikoni, nachora mipaka ya viwanja, kisha naondoka na wengine wanakuja kujenga. Katika kupita huko nimekutana na marundo mengi ya mawe. Mengi ni ya wakulima waliokusanya mawe pembeni ili jembe lipate nafasi. Mengine ni alama za mipaka ya zamani. Lakini yapo machache ambayo hayakai kama hayo, na kwa ajili ya hayo machache ninaandika.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mfugaji huko Kondoa, naye ndiye aliyenifundisha kuyatazama nilipokuwa nikimfuata machungani. Alisema liko jiwe lililolala na liko jiwe lililolazwa. Lililolala limekaa lilivyoangukia, ncha juu au ncha chini, na udongo umelimeza upande mmoja. Lililolazwa limeegemezwa kwa mwenzake. Ubapa wake umetazama juu, mwanya uliobaki umezibwa kwa vijiwe, na ukilizunguka kundi zima utaona duara ambalo mvua haiwezi kulichora. "Hapo pana mtu, mjukuu wangu," alikuwa akisema, na ng'ombe tuliwapitisha kando.

Babu hakusoma akiolojia, lakini wanaosoma akiolojia wanaanzia palepale alipoanzia yeye. Katika Afrika Mashariki, watu wa kwanza kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo waliwazika wafu wao chini ya mawe, na makaburi hayo ni miongoni mwa ushahidi mkubwa tulio nao wa maisha yao. Hawakuacha maandishi. Nyumba zao zilikuwa nyepesi na zimeoza. Mawe yamebaki.

Nguzo za Turkana

Msomaji aliyewahi kuona picha za Ulaya huenda anakumbuka Newgrange, kaburi kubwa la Ireland lililojengwa miaka ipatayo 5,200 iliyopita, kabla ya mapiramidi ya Giza. Ni kilima cha mawe na udongo chenye ujia mwembamba, na jua la asubuhi ya siku fupi kuliko zote za mwaka huingia na kumulika chumba cha ndani. Makaburi ya namna hiyo, yaliyojengwa kwa mawe makubwa na wakulima na wafugaji wa zama za mawe, yametapakaa kuanzia Hispania hadi Skandinavia. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba ujenzi wa aina hiyo ni historia ya wenzetu.

Basi tutazame kaskazini mwa Kenya, magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali panapoitwa Lothagam Kaskazini. Hapo kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita wafugaji walifagia mchanga wa ufuko wa kale hadi kufikia mwamba, wakatengeneza jukwaa la mawe lenye upana wa mita zipatazo 30, na katikati yake wakaacha shimo kubwa la kuzikia. Karne baada ya karne waliwalaza wafu wao humo, kaburi juu ya kaburi, kila mmoja akiwa amekunjwa na kufunikwa kwa mawe. Shimo lilipojaa walilifunika kwa kifusi cha mawe na kusimamisha nguzo za mawe, nyingine zikiletwa kutoka umbali wa hadi kilomita moja. Kisha wakaondoka.

Kundi la watafiti likiongozwa na Elisabeth Hildebrand lilichapisha matokeo ya uchimbaji wa mahali hapo mwaka 2018. Makadirio yao ni kwamba waliozikwa humo ni watu wasiopungua 580. Wamo wazee, wamo wanawake na wanaume, wamo watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo: shanga za ganda la yai la mbuni, za pembe ya kiboko, za mawe ya rangi. Mmoja alivikwa pambo la kichwa lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wadogo wa nchi kavu. Fikiria mikono iliyokaa ikikusanya meno hayo, moja moja, ili mtu wao aende akiwa amependeza.

Kitu kilichowashangaza wataalamu ni kwamba hakuna mkubwa katika makaburi hayo. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba jengo kubwa linahitaji mfalme: mtu mmoja anayeamuru, wengine wanaobeba. Lothagam hakuna kaburi la mfalme. Mtoto mchanga amepambwa kama mzee. Watu hawa walijenga pamoja na wakazikwa pamoja.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Jibu la watafiti linagusa jambo ambalo mtu wa Dodoma analielewa bila kuelezwa: mvua. Wakati huo Sahara ilikuwa inakauka na maji ya Ziwa Turkana yalikuwa yanarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Wafugaji walikuwa wageni katika bonde lile, malisho hayatabiriki, na kila familia ilihama na mifugo yake upande wake. Katika maisha ya namna hiyo mtu anahitaji jamaa wa kumpokea mwaka wa ukame, wa kumwazima ng'ombe wa maziwa, wa kuozeshana naye. Makaburi yalikuwa mahali ambapo waliotawanyika walirudi na kukutana. Kila jiwe lililobebwa lilikuwa ahadi kwamba sisi bado ni wamoja.

Kwetu tabia hiyo haijafa. Wadatoga wa Barabaig, wanaoishi kuuzunguka Mlima Hanang, humjengea mzee anayeheshimika kilima cha kaburi kiitwacho bung'eda. Hakijengwi siku moja. Hupandishwa hatua kwa hatua kwa miezi ipatayo tisa, na koo mbalimbali hukusanyika, pombe ya asali huandaliwa, na mwisho kilima husimama kirefu kuliko mtu. Wamasai nao zamani walimzika laiboni au mtu tajiri chini ya rundo la mawe, na kila mpita njia aliongeza jiwe lake. Sisemi kwamba Wadatoga au Wamasai ndio waliojenga Lothagam. Maelfu ya miaka yapo katikati. Nasema mtu aliyewahi kuhudhuria msiba wa Mbarabaig anaielewa Lothagam haraka kuliko profesa aliyezaliwa London.

Kutoka Turkana hadi Ngorongoro

Wafugaji waliendelea kushuka kusini kwa kufuata Bonde la Ufa. Nakuru, katika kilima cha Hyrax Hill, Mary Leakey alichimba makaburi yao kuanzia mwaka 1937. Mwaka uliofuata yeye na mumewe Louis walichimba Pango la Mto Njoro, si mbali na hapo, ambamo watu wapatao 80 walikuwa wamechomwa moto kabla ya kuzikwa, miaka kama 3,000 iliyopita. Wafu hao walipewa bakuli la jiwe, mchi na jiwe la kusagia. Moto uliounguza miili ulihifadhi pia vitu ambavyo kwa kawaida huoza: kibuyu, na chombo cha mbao kilichochongwa kwa ustadi, vyote vimegeuka mkaa lakini umbo lao limebaki.

Upande wetu wa mpaka, makaburi yanayojulikana zaidi yako chini kabisa ndani ya kreta ya Ngorongoro. Watalii hupita karibu nayo wakimtafuta faru. Mjiolojia wa Kijerumani Hans Reck aliyachimba mwaka 1913. Louis Leakey alichimba mengine mwaka 1941. Na miaka ya 1960 Hamo Sassoon, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya kale nchini, alichimba jingine. Yalikuwa vilima vya mawe, na chini yake watu waliokunjwa magoti kuelekea kifuani, pamoja na mabakuli ya mawe, michi na shanga. Umri wake ni zaidi ya miaka 2,000.

Mabakuli hayo ya mawe yananigusa kila nikiyafikiria. Kuchonga bakuli kutoka katika jiwe gumu, bila chuma, ni kazi ya siku nyingi. Aliyechonga hakuwa na haraka, na aliyelizika pamoja na mama yake au kaka yake alijua thamani ya siku hizo.

Namna kaburi linavyosomwa

Watu wengi hudhani mwanaakiolojia ni mchimbaji. Kwa kweli huanza kama ninavyoanza mimi. Kwanza hapigi sururu popote. Anatembea, anatazama, anapiga picha, anaandika vipimo vya setilaiti. Kisha anaweka bikoni zake na kuligawa eneo katika miraba kwa kamba, kila mraba na namba yake. Kuanzia hapo hakuna kitu kinachoinuliwa kabla ya kuandikwa kilikuwa wapi, kwa upande na kwa kina.

Mawe ya juu huchorwa moja moja kabla ya kuondolewa. Yakishaondolewa, safu ya pili huchorwa, kisha ya tatu. Udongo huondolewa kwa mwiko na brashi, na wote hupitishwa katika chekecheke ili shanga ndogo kama punje ya ulezi isipotee. Sehemu ya udongo huachwa bila kuchimbwa, imesimama kama ukuta, ili ubavuni mwake zionekane tabaka zote: udongo wa juu, kifusi, shimo la kaburi, ardhi ya asili. Ubavu ule ndio hati ya eneo. Unaeleza nani alitangulia na nani alifuata.

Hapa ndipo penye hatari, na Hans Reck mwenyewe ni shahidi. Mwaka huohuo wa 1913, huko Olduvai, vibarua wake walifukua mifupa ya mtu aliyekunjwa, imelala katika tabaka la kale sana lenye mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Reck akatangaza kwamba mtu huyo ana umri uleule wa tabaka. Habari zikaenea Ulaya. Wanasayansi walibishana karibu miaka 20, na hata Louis Leakey alikubaliana na Reck kwa muda, hadi ilipothibitika mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwamba mtu yule alikuwa amezikwa baadaye sana. Waliomzika walichimba shimo, shimo likashuka hadi tabaka la kale, na mfu wa zama za karibu akalala miongoni mwa wanyama wa zama za mbali.

Kaburi ni shimo, na shimo huchanganya nyakati. Kwa hiyo anayetaka kujua umri wa mtu aliyezikwa lazima aone mdomo wa shimo ulianzia tabaka gani. Ukiondoa mawe ya juu kwa sururu umeufuta mdomo huo, na hakuna maabara duniani inayoweza kuurudisha.

Baada ya hapo ndipo maabara inapoingia. Kila kiumbe hai huvuta kaboni, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina isiyodumu, kaboni ya 14. Kiumbe akifa havuti tena, na kaboni ile hupungua kwa mwendo unaojulikana: nusu yake huisha katika miaka 5,730. Ukipima kilichobaki katika kipande cha mkaa au mfupa, unaweza kukadiria ni lini mti ulikatwa au mtu alikufa. Mafuta yaliyonyonywa na kuta za chungu nayo hupimwa, na hueleza kama kilipikiwa nyama au kilitiwa maziwa. Na ndani ya fuvu, nyuma ya sikio, kuna mfupa mdogo mgumu kuliko mingine mwilini. Humo vinasaba huweza kudumu maelfu ya miaka hata katika nchi zetu zenye joto.

Mtoto wa Luxmanda

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya lami kwenda Babati, kilomita zipatazo 250, unafuata barabara kuu ya kaskazini ambayo wakoloni waliiota kuwa ya kutoka Cape hadi Cairo. Kondoa unaipita katikati ya safari. Karibu na mwisho wake, magharibi, ardhi inapanda kuelekea nyanda za juu za Mbulu, na huko, wilayani Babati, kwenye kimo cha karibu mita 1,900, ndiko kuliko Luxmanda.

Mahali hapa paligunduliwa mwaka 2012, na utafiti wake umefanywa na Mary Prendergast, Katherine Grillo na Profesa Audax Mabulla pamoja na wenzao. Yalikuwa makazi ya wafugaji, miaka kama 3,000 iliyopita: majivu, vigae vya vyungu vilivyochorwa, mifupa mingi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kati ya makazi yote ya wafugaji wa jamii hiyo yanayojulikana, hayo ndiyo yaliyo kusini kabisa.

Humo alizikwa mtoto mchanga. Mwaka 2017 vinasaba vyake vilichapishwa, na vikaeleza safari ambayo mama yake huenda hakuijua. Karibu asilimia 38 ya asili yake inafanana na wakulima wa kale wa upande wa Palestina na Syria. Iliyobaki ni ya Afrika. Maana yake, mababu zake wa mbali walikutana na kuoana na watu wa kaskazini mashariki mwa bara, vizazi vingi kabla, na vizazi hivyo vilishuka na mifugo hadi nyanda za Mbulu. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2019, uliopima watu wa kale 41 wa Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba kuoana huko hakukutokea mara moja. Wafugaji walichanganyika na wawindaji waliowakuta, kisha baadaye na wageni wengine. Miongoni mwa waliopimwa, mtu mmoja tu, kutoka Pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi, alikuwa na kinasaba kinachomwezesha mtu mzima kunywa maziwa mabichi bila tumbo kumsumbua. Waliishi na ng'ombe kwa vizazi vingi kabla miili yao haijazoea maziwa. Yamkini waliyagandisha kwanza, kama tunavyofanya hadi leo.

Wanaisimu wengi wanaihusisha jamii hiyo ya kale na lugha za Kikushi. Lugha hizo zinasemwa bado: Wairaqw na Wagorowa wako Manyara, na hapa mkoani Dodoma wapo Waburunge na Waasi, upande wa Kondoa na Chemba. Jirani yao ni Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kidoko. Mkoa ambao wageni huuona kuwa ni vumbi na zabibu tu umebeba katika vinywa vya watu wake historia ya miaka maelfu.

Lakini kuna jambo moja katika matokeo ya mwaka 2017 ambalo mimi, kama mpima ardhi, siwezi kuliacha. Watafiti walipima pia mfugaji mmoja aliyeishi miaka kama 1,200 iliyopita huko Kasteelberg, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Karibu asilimia 40 ya asili yake inafanana na ya mtoto wa Luxmanda. Kondoo wenyewe walikwisha kufika kule kusini miaka 2,000 hivi iliyopita. Basi watu wa damu inayohusiana na ya Luxmanda walikwenda kusini na mifugo yao, maelfu ya kilomita. Walipita wapi?

Tazama ramani. Kusini mwa Babati ni Kondoa. Kusini mwa Kondoa ni sisi. Uwanda wa kati una ukame, na ukame una faida moja kwa mfugaji: mbung'o huupenda msitu mbichi kuliko mbuga kavu. Mtu mwenye ng'ombe anayeshuka kusini angekuwa na sababu nzuri ya kupitia huku. Hata hivyo ukichora makaburi na makazi yote ya wafugaji hao yaliyochimbwa na kupimwa umri, alama zinajazana kaskazini na kuisha ghafla nyanda za Mbulu. Katika kazi yangu tunajua tofauti ya mpaka wa shamba na ukingo wa karatasi. Mpaka umewekwa na mwenye shamba. Ukingo wa karatasi umewekwa na aliyeikata. Luxmanda, kwa maoni yangu, ni ukingo wa karatasi. Utafiti umeishia pale, na hakuna ushahidi kwamba wafugaji nao waliishia pale.

Dhahabu ya Mjerumani

Kwa sababu hiyo, kila rundo la mawe yaliyolazwa linalovunjwa katika uwanda huu linaniuma kuliko ambavyo lingeniuma kwingine. Na yanavunjwa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni njaa ya mawe niliyoitaja. Ya pili ni tamaa ya hazina. Mwaka 1916 Wajerumani na majeshi ya Waingereza walipigana Kondoa, na tangu hapo imani imekaa vichwani mwa watu kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia dhahabu na rupia, akaweka alama za mawe ili arudi kuzichukua. Nenda Kolo, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Katika pango la Mongomi, ambalo wenyeji wamelitumia vizazi na vizazi kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji, watafuta hazina walichimba shimo kubwa mbele ya michoro. Hawakupata dhahabu. Walichokivuruga ni tabaka za udongo ambazo zingetueleza ni nani waliokaa pale, wakichora, na lini.

Siku moja katika upimaji, upande wa Chemba, niliwakuta vijana watatu wenye sururu juu ya rundo la namna ile aliyonionyesha babu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnatafuta nini?"

"Mama, wewe una mashine. Tusaidie kupima kama chini pana mali."

Niliwaambia ukweli kama ninavyousimulia hapa. Waliozika watu chini ya mawe waliishi kabla ya dhahabu yoyote kuthaminiwa katika nchi hii. Walichothamini ni ng'ombe, na ng'ombe hafukiwi. Mkichimba mtapata mifupa, labda shanga tatu, labda bakuli la jiwe ambalo ninyi mtaliona kinu kibovu. Mmoja wao akaniuliza swali ambalo lilistahili kujibiwa vizuri: "Sasa kama hakuna mali, kwa nini sheria inatukataza?"

Mali ipo, nilimjibu, na imekaa katika mpangilio. Bakuli likiwa mkononi mwa mtu, ni bakuli. Likiwa pale lilipowekwa, kando ya mkono wa mwanamke aliyelala ubavu wa kulia, chini ya safu tatu za mawe, pamoja na mkaa unaopimika, linatuambia nani alimzika nani, lini, na kwa heshima gani. Ukiling'oa limebaki jiwe.

Wasiwasi wangu hauishii kwa vijana wenye sururu. Miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Hanang, yaliyoendeshwa na shirika la umma kwa msaada wa Kanada, yalitwaa malisho ya Wabarabaig, na baadhi ya bung'eda zao zikalimwa kwa trekta. Wabarabaig walikwenda mahakamani kudai ardhi yao. Makaburi yale wenyewe walikuwepo, walijua majina ya waliozikwa, na bado yalilimwa. Je, kaburi la miaka 3,000 ambalo mwenyewe hayupo litatetewa na nani?

Kabla ya bikoni

Jibu ni kwamba sheria ipo, na watu wapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda makaburi na vitu vya kale, na hairuhusu mtu kuchimba bila kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na urithi wa kale ni sehemu ya tathmini hiyo. Ukiona rundo unalolishuku, usiinue jiwe hata moja. Lipige picha ukiweka kitu cha kipimo pembeni, andika mahali lilipo, kisha mpelekee taarifa mtendaji wa kijiji na ofisa utamaduni wa halmashauri. Kwa walio Kondoa, ofisi ya Mambo ya Kale iko Kolo, njiani kabisa.

Muulize pia mzee wa eneo. Marundo mengi yana wenyewe walio hai, na kaburi la babu wa mtu si la kumpelekea mtafiti bila idhini ya jamaa. Kwa yale ambayo hakuna anayeyakumbuka, mzee bado atakwambia kama mawe hayo yalikuwepo alipozaliwa, na hilo peke yake ni jambo la kuandika.

Kwa wapima ardhi na wapanga miji wenzangu nina ombi mahususi. Katika kila mchoro tunaacha maeneo ya wazi: ya kupumzikia, ya michezo, ya miti. Sheria za mipango zinatutaka tuyaache, na mara nyingi tunachagua tu mahali palipobaki. Tuyachague pale penye mawe yaliyolazwa. Haiongezi gharama. Inahitaji mtu mmoja aandike katika kitabu chake cha uwandani neno "rundo" na vipimo vyake kabla ya kuweka bikoni ya kwanza, na mchoraji ofisini alizungushie mstari wa kijani.

Mimi nimeanza kufanya hivyo katika kazi zangu. Sitegemei kila rundo liwe kaburi la mfugaji wa kale. Mengi yatakuwa ya wakulima, na hayo nayo yatakuwa yamepata miti. Lakini inatosha rundo moja, kati ya Kondoa na Mpwapwa, lichimbwe kwa mwiko na kuta zake zisomwe, na kipande kimoja cha mkaa kipimwe, ili tujue kama watu wa Luxmanda walipita hapa. Vyuo vyetu vina vijana wanaoweza kuifanya kazi hiyo, na mji unaotanuka kila mwezi ndio utakaoamua kama watakuta kitu cha kuchimba.